Vidonge vya foliki: vile vya manjano vya 5 mg au hivi vyekundu vya kliniki? Naombeni msaada

#1 BintiTononoka, Jumatatu saa 2:40 usiku

Salaam aleikum, na habari za jioni kwa wote.

Nina mimba ya wiki 14, ya kwanza. Tangu tulipoanza kutafuta mtoto nameza foliki, ile vitamini ya wajawazito, vile vidonge vidogo vya manjano, nanunua duka la dawa hapa Mwembe Tayari. Wanakuhesabia kutoka kopo kubwa, wanakutilia kwenye bahasha ya kaki, wanaandika "5 mg, 1x1", basi. Aliyeniuzia aliniambia hivi ndivyo vya nguvu.

Leo nimekwenda kliniki mara ya kwanza. Nesi kanipa vidonge vitatu vyeupe vya kuzuia malaria, nikavimeza palepale mbele yake kwa kikombe cha maji. Kisha kanipa vyengine vyekundu, vya damu na foliki pamoja, kimoja kila siku. Nikamtolea ile bahasha yangu. Kaitazama akasema, "Hivi weka kwanza, usivimeze." Nikamuuliza kwa nini. Foleni ilikuwa imefika nje mlangoni, akaniambia tutazungumza siku nyengine.

Nyumbani mavyaa wangu naye anasema niache vyote, ati vidonge vya damu humkuza mtoto mpaka akashindwa kutoka.

Lakini kinachoninyima usingizi ni hiki. Mtoto wa mamangu mdogo alijifungua mwaka jana mtoto mwenye mgongo wazi, yaani uti wa mgongo haukufunga. Foliki ndiyo husemwa inazuia hilo, naye alimeza. Kama alimeza na bado ikatokea, vina faida gani? Na kama vina faida, mbona nakatazwa vile vya nguvu?

#2 Dereva_wa_Likoni, Jumatatu saa 2:55 usiku

Hongera dada. Meza vyote viwili. Vitamini ile, ikizidi unaikojoa. Mke wangu alifanya hivyo na kijana wetu sasa anacheza mpira.

#3 MkazaMwana, Jumatatu saa 3:04 usiku

Mavyaa wako na wangu ni mtu na dadake! Mie vyangu nilivificha ndani ya kopo la iliki, nikimeza akishalala. Mtoto kazaliwa na kilo 3.1, njia ya kawaida. Vidonge vya damu vinaongeza damu yako wewe, na mama asiye na upungufu wa damu ndiye anayestahimili uzazi akitokwa na damu nyingi. Mwambie hivyo kwa upole, wala usibishane naye mbele ya watu.

#4 Mfamasia_Kisauni, Jumatatu saa 3:30 usiku

Hongera BintiTononoka. Dereva, nakuheshimu kaka, lakini ushauri wako hapa Pwani una hatari yake. Naeleza.

Kwanza hesabu. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza kwa mwanamke wa kawaida ni mikrogramu 400 kwa siku, yaani 0.4 mg, tangu anapoanza kutafuta mimba mpaka wiki ya 12. Kile cha manjano cha 5 mg ni mikrogramu 5,000, mara 12 na nusu ya hapo. Hivyo vyekundu vya kliniki kwa kawaida vina madini ya chuma 60 mg na foliki 0.4 mg, ndiyo maana unaendelea navyo hata baada ya wiki ya 12, kwa ajili ya damu. Watu huona 5 na 0.4 wakadhani ni tofauti ndogo.

Pili, na hapa ndipo nesi wako alikuwa sahihi kabisa ingawa hakupata nafasi ya kueleza. Vile vyeupe vitatu ni SP. Kijidudu cha malaria kinahitaji foleti (foliki ni foleti ya kiwandani) ili kizaliane, na kinajitengenezea chenyewe. SP inafunga jiko lake. Ukimimina foliki nyingi mwilini unakipelekea chakula kilichokwisha kupikwa, SP ikadhoofika. Kipimo cha 0.4 mg hakina shida hiyo. Kipimo cha 5 mg kinayo, ndiyo maana mwongozo unasema mwenye kutumia 5 mg asubiri siku 14 baada ya SP. Nawe utapewa SP tena na tena mpaka ujifungue, kila mara ikipita angalau mwezi. Sasa ukirudi kwenye vya manjano kila siku, hiyo SP itafanya kazi lini?

Kwa hivyo "vya nguvu" si neno zuri kwa dawa. Nguvu ya nini, na kwa nani?

#5 MamaWaWatatu_Mikindani, Jumatatu saa 3:48 usiku

Mfamasia, ahsante, lakini usimtishe mtoto wa watu. Mimi mimba zote tatu nilipewa 5 mg, na kliniki, si dukani. Zamani chuma kilikuwa kivyake na foliki ya manjano kivyake. Wote watatu wazima na malaria sikuugua. Mbona leo iwe sumu?

#6 Mfamasia_Kisauni, Jumatatu saa 4:05 usiku

Sijasema sumu, dada. Ni kweli zamani vilitolewa kila kimoja kivyake, na foliki iliyokuwapo mahali pengi ni 5 mg. Kuletwa kwa kidonge cha pamoja cha 60 na 0.4 kulitatua mambo mawili: mama ameze kimoja badala ya viwili, na SP isiguswe.

Tena wapo wanaostahili 5 mg kabisa, kwa kuandikiwa: aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi au kichwa kisichokamilika, au yeye au mumewe wana historia hiyo, mwenye kisukari kabla ya mimba, anayetumia baadhi ya dawa za kifafa, mwenye seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Madaktari wengi huongeza na mwenye uzito mkubwa sana. BintiTononoka, taja kwa nesi habari ya binamu yako. Yeye ndiye mwenye historia, wewe ni ndugu wa mbali kidogo, lakini itajwe iandikwe kitabuni.

#7 Baba_Jaluo_wa_Tudor, Jumatatu saa 4:20 usiku

Naomba msivitukane vya manjano. Kijana wangu ana selimundu, miaka 9, na kidonge hicho ndicho cha kila asubuhi kabla ya shule. Chembe zake nyekundu zinavunjika upesi, mwili unatengeneza mpya mchana na usiku, na foleti ndiyo malighafi. Siku moja duka la dawa likanipa "cha kliniki" ati ni kilekile. Si kilekile. Kina chuma, na mwanangu ameongezewa damu mara kadhaa, chuma hakitakiwi kuzidi kwake. Kwa hivyo kila mtu asome bahasha yake.

#8 Mfamasia_Kisauni, Jumatatu saa 4:26 usiku

Baba umesema kweli tupu. Hilo la chuma nilisahau kulitaja.

#9 BintiTononoka, Jumanne saa 12:10 asubuhi

Nashukuru sana. Vya manjano nimeviweka. Lakini bado swali la binamu halijajibiwa. Yeye alianza wiki ya 7, alipojua tu kuwa ana mimba. Wiki ya 20 akaenda skeni, daktari akanyamaza muda mrefu akisogeza kile kifaa palepale kiunoni mwa mtoto. Nilikuwa naye. Sijasahau ule ukimya.

#10 Mwalimu_wa_Bayolojia, Jumanne saa 1:00 asubuhi

Basi jibu umelitoa mwenyewe, mwanangu: wiki ya 7.

Uti wa mgongo na ubongo huanza kama kipande bapa cha tishu. Mtazame fundi wa kanzu: anakata kitambaa bapa, anakikunja kwa urefu, anashona pindo, kinakuwa mkono. Mtoto naye hukunjwa hivyohivyo, ushonaji ukianzia karibu na shingo na kwenda pande zote mbili. Juu pasipofunga, ubongo haukamiliki. Chini pasipofunga, ndio mgongo wazi. Kazi hii yote inakwisha siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa. Kwa hesabu ya kliniki, inayoanzia hedhi ya mwisho, hiyo ni wiki ya 6. Wanawake wengi wakati huo wanasema tu "siku zimechelewa."

Foliki inayoanza wiki ya 7 inamkuta fundi amekwisha kufunga cherehani. Haina ubaya, inasaidia damu, lakini pindo lile halirudiwi. Ndiyo maana inatakiwa ianze angalau mwezi mmoja kabla, na wengi wanashauri miezi mitatu.

#11 BiMkubwa_Kibokoni, Jumanne saa 2:15 asubuhi

Wanangu, nina miaka 71 na nimezaa saba Mji wa Kale, sikumeza hata kidonge kimoja. Tulikula mchicha, tulikula kunde, tulikula samaki. Mwenye mimba hatembei magharibi, hakai mlangoni, hatangazi tumbo kabla halijatokeza. Siku hizi mimba ya wiki mbili ishapigwa picha ikawekwa kwenye simu. Jicho lipo. Msilidharau.

#12 Mkunga_Mstaafu, Jumanne saa 3:40 asubuhi

Shikamoo Bi Mkubwa. Jicho sina la kusema, hilo unalijua wewe zaidi. La mchicha na kunde nakuunga mkono kwa mikono miwili, foleti imo humo. Lakini niruhusu neno moja. Nimezalisha miaka 30, na wakunga walionifunza walianza kabla yangu. Watoto wale walikuwapo. Walizaliwa usiku, wakafa alfajiri, wakazikwa kabla mtaa haujaamka, na mama akaambiwa asiseme. Wewe hukuwaona kwa kuwa walifichwa. Mie niliwashika.

#13 BiMkubwa_Kibokoni, Jumanne saa 3:58 asubuhi

Marahaba mwanangu. Dadangu mmoja alizika namna hiyo. Sikuwahi kulifikiri hivyo.

#14 Mkulima_wa_Shimba, Jumanne saa 5:20 asubuhi

Mwalimu, maelezo ya fundi yamenoga, lakini si kila kesi ni kuchelewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mpakani mwa Texas na Mexico, walizaliwa watoto wengi wasio na ubongo kamili. Watafiti waliokwenda kuchunguza waliyaangalia mahindi, maana watu wale hula chapati za mahindi kila siku. Kuna sumu ya kuvu inaitwa fumonisini, inaizuia seli kufyonza foleti. Sasa fikiria ugali wetu. Mahindi yanavunwa mvua ikinyesha, yanarundikwa chini, yanaota ukungu, yanasagwa, hakuna anayeuliza. Mama anameza kidonge asubuhi, jioni anakula kinachozuia kidonge.

#15 Mwalimu_wa_Bayolojia, Jumanne saa 5:45 asubuhi

Hilo linatajwa, ni kweli, na kwa wanyama wa maabara limeonekana. Lakini huwezi kulibebesha kesi ya mtu mmoja ambaye pengine mwaka mzima alikula wali.

#16 Mkulima_wa_Shimba, Jumanne saa 5:52 asubuhi

Mombasa nzima mnakula wali mpaka mnapoulizwa kuhusu mahindi.

#17 SisterWaWodi, Jumanne saa 7:05 mchana

Ongezeni na haya: homa kali wiki zile za mwanzo, sukari iliyopanda bila mtu kujua, na dawa za kifafa, hasa valproeti. Aliye na kifafa asiache dawa ghafla akisoma uzi huu! Degedege ni hatari kwake na kwa mtoto. Aende kwa daktari wake kabla ya kutafuta mimba, abadilishiwe dawa ikiwezekana, apewe foliki ya kiwango chake. Pia foliki nyingi inaweza kushusha kiwango cha fenitoini, dawa nyengine ya kifafa, kwenye damu, kwa hivyo hata hiyo 5 mg si ya kujinunulia kimyakimya.

#18 Anayeishi_na_Matumaini, Jumanne saa 8:30 mchana

Naomba niulize bila kujificha, naishi na virusi vya UKIMWI na tunatafuta mtoto. Natumia dawa ya virusi yenye dolutegraviri, na Septrin ya kuzuia maambukizi mengine, kila siku. Jirani aliniambia dawa yangu inaleta mgongo wazi.

#19 SisterWaWodi, Jumanne saa 8:52 mchana

Dada, jirani alisikia nusu ya habari. Mwaka 2018 utafiti wa Botswana ulionyesha dalili ya hatari hiyo, watu wakaogopa. Ukaendelea kuhesabu wazazi wengi zaidi, na ile tofauti ikapungua sana. Mwaka 2019 WHO ikaipendekeza dolutegraviri hata kwa wanawake wanaotaka kuzaa. Endelea na dawa yako, usikose hata siku. Foliki anza sasa, kiwango mwachie daktari wako wa kliniki, maana Septrin nayo inagusa njia ya foleti. Na ukishika mimba ukiwa bado kwenye Septrin, SP hupewi, Septrin ndiyo kinga yako ya malaria. Mkumbushe nesi asikupe kwa kusahau.

#20 Anayeishi_na_Matumaini, Jumanne saa 8:58 mchana

Umenitua mzigo. Mungu akuweke.

#21 Mwana_wa_Nahodha, Jumanne saa 11:10 jioni

Mimi nina kisa cha upande mwengine, wala si cha uzazi. Babangu ana miaka 68, ana sukari, anatumia metifomini mwaka wa kumi sasa. Rafiki yake wa barazani alimwambia vidonge vya manjano vinaongeza damu, akawa anajinunulia. Kila siku, miaka miwili. Damu ilipopimwa ilikuwa nzuri, akafurahi.

Lakini miguu ikaanza. Kwanza alisema anahisi kama amevaa soksi wakati hajavaa. Halafu siku moja namwona anatoka msikitini, kiatu kimoja kimebaki kwenye ngazi, na yeye anaendelea kutembea, hajui kama kimemtoka. Nikakiokota nikamfuata nacho. Hapo ndipo tulipomkamata tukampeleka hospitali. Vitamini B12 ilikuwa chini sana. Daktari akaeleza: ukosefu wa B12 huonekana kwa damu na huonekana kwa mishipa ya fahamu. Foliki nyingi ilirekebisha damu, ikalifunika tatizo, na mishipa ikaendelea kuharibika kimyakimya. Akachomwa sindano za B12. Amepata nafuu, si yote.

#22 Mfamasia_Kisauni, Jumanne saa 11:31 jioni

Pole kwa mzee. Dereva, ndiyo maana nilikataa ile ya "unaikojoa." Kinachotoka kwenye mkojo ni kweli hakikudhuru, lakini kinachobaki kinaweza kumdanganya daktari. Kwa mtu mzima asiyeandikiwa, isizidi mikrogramu 1,000 kwa siku kutoka vidongeni na vyakula vilivyoongezwa. Foleti ya mchicha na kunde haihesabiwi humo. Anayetumia metifomini muda mrefu, mzee, na asiyekula nyama wala mayai wala maziwa, wapimwe B12 kabla ya kuzoea vya manjano.

#23 SisterWaWodi, Jumanne saa 11:40 jioni

Ila sukari yenyewe pia hutia miguu ganzi. Usiseme moja kwa moja ni foliki.

#24 Mwana_wa_Nahodha, Jumanne saa 11:44 jioni

Daktari mmoja kasema sukari, mwengine kasema B12. Sindano zilimsaidia, ndilo ninalolijua.

#25 Dereva_wa_Likoni, Jumanne saa 1:20 usiku

Nimesoma yote. Nafuta neno langu la "meza vyote viwili." Poleni. Lakini na mimi niulize, sisi wanaume je? Kuna jamaa hapa kivukoni anauza paketi za foliki na zinki, ati mume akimeza mke anashika haraka.

#26 Mwalimu_wa_Bayolojia, Jumanne saa 1:45 usiku

Waliufanyia jambo hilo utafiti mkubwa Marekani, matokeo yakatoka mwaka 2020. Wanandoa zaidi ya 2,000, wanaume wakapewa foliki 5 mg na zinki 30 mg kwa miezi sita, wengine kidonge kitupu. Mbegu hazikuwa bora, watoto hawakuzaliwa zaidi. Waliomeza walilalamika tumbo. Hiyo pesa mnunulie mkeo machungwa.

#27 MkazaMwana, Jumanne saa 1:50 usiku

Na mbaazi!

#28 MpishiWaMajengo, Jumanne saa 2:12 usiku

Nilikuwa nasubiri mfike jikoni. Foleti ni neno lililotoka kwenye jani, kwa hivyo majani kwanza: mchicha, majani ya kunde, sukumawiki. Halafu mbaazi, kunde, dengu, maharage. Karanga, mayai, parachichi, machungwa. Lakini mapishi yetu yanaimwaga. Mtu anachemsha mchicha mpaka ugeuke rangi ya chupa, anaukamua, maji anayamwaga kwenye bomba, halafu anatia nazi kwenye makapi. Foleti inayeyuka majini na haipendi moto wa muda mrefu. Mie nakaanga kitunguu kwanza, natupia mchicha mbichi uliooshwa, nafunika dakika tatu, tui zito linaingia mwisho, natoa. Mbaazi nalowesha usiku, nachemsha, na mchuzi wake hauendi popote, ndio unaokutana na tui.

#29 Mkulima_wa_Shimba, Jumanne saa 2:20 usiku

Maini umeyasahau.

#30 Mkunga_Mstaafu, Jumanne saa 2:31 usiku

Hakusahau, kafanya vyema. Maini yana foleti nyingi, lakini yana vitamini A nyingi mno, na ikizidi miezi ya mwanzo humdhuru mtoto. Mjamzito asiyafanye chakula cha kila siku.

#31 MamaWaWatatu_Mikindani, Jumanne saa 2:40 usiku

Na unga je? Mbona paketi zimeandikwa foleti?

#32 Mfamasia_Kisauni, Jumanne saa 2:58 usiku

Kenya tangu mwaka 2012 sheria inataka unga wa ngano na wa mahindi wa paketi uongezwe madini na vitamini, foliki ikiwemo. Kwa hivyo mahamri yenu na mbaazi zake yamekutanisha foliki ya kiwandani na foleti ya shambani kwenye sahani moja. Ila mahindi unayopeleka mwenyewe mashineni kusagwa hayana nyongeza hiyo, wala muhogo, wala mchele unaopimiwa kwa kilo. Nyumba nyingi za Kisauni na Likoni zinakula hivyo. Chakula kisimzuie mtu kumeza kidonge chake.

#33 Mwalimu_wa_Bayolojia, Jumanne saa 3:15 usiku

Kidogo cha historia kwa wapendao. Kuanzia mwaka 1928 daktari Mwingereza, Lucy Wills, alikuwa Bombay, akichunguza wanawake wa viwanda vya nguo waliokuwa wakipungukiwa damu wakiwa na mimba. Akagundua kuwa Marmite, ile rojo nyeusi ya hamira ya kupaka mkate, inawaponya, ingawa hakujua ndani yake mna nini. Mwaka 1941 dutu yenyewe ikatolewa kwenye spinachi, ikaitwa kwa neno la Kilatini la jani. Bombay ile ile majahazi yetu yalikokuwa yakienda. Wanawake wale wangeweza kuwa bibi zetu.

#34 Baba_Jaluo_wa_Tudor, Jumanne saa 3:22 usiku

Mwalimu, hili nitamsomea kijana kesho.

#35 Zubeda_wa_Bombolulu, Jumatano saa 1:30 asubuhi

Mimi nina baridi yabisi ya viungo, natumia methotreksati mara moja kwa wiki na foliki 5 mg mara moja kwa wiki, siku tofauti. Bintiyangu anatafuta mimba, akawa anachukua foliki kwenye kikopo changu. Vidonge vyote viwili ni vidogo na vya manjano! Siku nilipomwona ameshika kopo lililo siyo nilipiga ukelele. Methotreksati haitakiwi kabisa kwa anayetaka mimba, na hata kwangu mimi ikimezwa kila siku badala ya kwa wiki inaua. Sasa foliki iko jikoni, ile nyengine iko kabatini na ufunguo uko shingoni mwangu.

#36 SisterWaWodi, Jumatano saa 1:41 asubuhi

Alhamdulillahi uliona.

#37 Mfamasia_Kisauni, Jumatano saa 2:00 asubuhi

Hapo hapo kwenye kuhifadhi: joto letu na unyevu wa bahari haviwapendezi vidonge. Msiweke juu ya friji, wala ndani ya gari, wala dirishani bafuni. Vya bahasha ya kaki vihamishieni kwenye kichupa kikavu chenye kifuniko na mwandike jina, kipimo na tarehe ya mwisho. Kidonge cha manjano kikianza madoa au kinamomonyoka, tupa. Na chai ya maziwa msimezee vile vyekundu, inazuia chuma. Maji, au maji ya machungwa. Mkiona choo cheusi msishtuke, ni chuma.

#38 BintiTononoka, Jumatano saa 3:05 asubuhi

Ahsanteni nyote. Na Ramadhani je, kama nitafunga?

#39 Mkunga_Mstaafu, Jumatano saa 3:20 asubuhi

Kufunga kwenyewe ulizana na daktari wako na wanazuoni, mjamzito ana ruhusa. Kidonge kinatosha mara moja kwa siku, kwa hivyo baada ya futari, tumbo likiwa na chakula, hakitakutia kichefuchefu. Ukisahau usiku mmoja, endelea kesho na kimoja. Usimeze viwili kulipia.

#40 BintiTononoka, Alhamisi saa 2:15 usiku

Nimerudi kliniki leo. Nesi yuleyule, foleni fupi. Kanieleza jambo la SP kama mlivyoeleza, akaandika habari ya binamu kitabuni. Nimempa binamu kiungo cha uzi huu, naye kajisajili ili aandike mwenyewe.

#41 MamaSalma, Alhamisi saa 3:30 usiku

Mimi ndiye. Naomba nisahihishe jambo. BintiTononoka kasema nilianza wiki ya 7. Wiki ya 7 ndiyo nilipomwambia yeye. Kumeza nilianza siku mbili baada ya siku zangu kuchelewa, kama wiki ya 4 na nusu kwa hesabu ya kliniki. Sina kifafa, sina sukari, nimepimwa. Ila kabla ya hapo niliugua malaria, homa ilipanda mpaka nikaweweseka. Na kuhusu mahindi, kaka Mkulima, kwangu tunasaga.

#42 Mwalimu_wa_Bayolojia, Alhamisi saa 3:41 usiku

Basi nimekosea, mwanangu, samahani. Ulikuwa kabla ya wiki ya 6. Fundi alikuwa bado kazini.

#43 Mfamasia_Kisauni, Alhamisi saa 3:50 usiku

Lakini foleti haijai mwilini kwa siku moja, inachukua wiki kadhaa kufika kiwango kizuri kwenye chembe za damu. Huenda haikuwahi.

#44 SisterWaWodi, Alhamisi saa 3:55 usiku

Mimi naiangalia ile homa.

#45 Mkulima_wa_Shimba, Alhamisi saa 4:02 usiku

Nami siyaachi mahindi. Na wapo wanaofanya yote sawasawa na bado. Foliki huzuia nyingi, haizuii zote. Si kosa lako, dada.

#46 Mkunga_Mstaafu, Alhamisi saa 4:10 usiku

MamaSalma, mtoto hajambo? Na ukitaka mwengine, usikubali kupewa 0.4. Kwa aliyepata mtoto kama wako kuna utafiti wa Uingereza uliotangazwa mwaka 1991, ulifanywa katika nchi saba: waliomeza 4 mg kabla ya mimba, kurudia kulipungua kwa asilimia 72. Sisi tunatumia 5 kwa kuwa ndiyo iliyopo. Habari ya SP utapangiwa na daktari.

#47 MamaSalma, Alhamisi saa 4:34 usiku

Hajambo, Bi. Alishonwa siku ya pili ya kuzaliwa, akawekewa mpira wa kutoa maji kichwani, unausikia nyuma ya sikio ukimpapasa. Mshono wa kiunoni una urefu wa kidole changu cha shahada, nampaka mafuta kila nikimwogesha. Miguu bado haina nguvu, tunakwenda mazoezi kila Jumanne, na wiki hii ametikisa kidole gumba cha kulia. Nimekitazama mara tatu niwe na hakika.

Daktari kaniandikia 5 mg, mimba tutaitafuta baada ya miezi mitatu. Cha kwanza nimekimeza jana usiku, na mume wangu amepiga alama ukutani karibu na swichi ya taa.

#48 BiMkubwa_Kibokoni, Alhamisi saa 4:50 usiku

Kidole gumba cha kulia! Niambie unakaa mtaa gani, mwanangu, Ijumaa nimletee mtoto uji.